Duka Lisilo na Masikio

Katika duka letu la Mubi hakuna aliyekuwa na masikio. Hiyo ilikuwa sheria ya mume wangu Omer, na kabla yake ilikuwa sheria ya baba yake, aliyetoka Butembo na magunia ya chumvi akafungua duka kando ya barabara ya msituni. Mteja akiingia, unasikia anachotaka kununua. Mengine yote hukuyasikia. Wachimbaji walikuja kutafuta sabuni na betri, zile tunazoita mawe ya radio, wenye malori walikuja kutafuta mafuta, na miaka ile ya vita walikuja pia wenye bunduki. Tuliwaita wa mlimani na wa barabarani, kwa sababu majina yao mengine yalibadilika kila msimu. Wa mlimani walikuja asubuhi, wa barabarani walikuja jioni, na wote walivuta sigara ya aina moja. Waliegemea meza ya duka wakaongea mambo yao mbele yetu kana kwamba sisi ni mbao za rafu. Mfanyabiashara aliyetaka kuzeeka aliendelea kupanga biskuti.

Mtoto wetu Benita alikuwa na masikio.

Alichelewa kusema. Aliposema, hakusema maneno yake. Alisema tangazo la radio lote, na muziki wake, na mahali pale mtangazaji anapovuta pumzi. Akiwa na kiu hakusema anataka maji. Alikuja akasimama pembeni yangu, uso ameugeuzia ukuta, akasema kwa sauti yangu mimi: "Benita, unataka maji?" Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba ananiomba. Alipanga mawe ya radio kwa mstari kuanzia mlangoni hadi kwenye pazia la jikoni, na mtu akisogeza moja alilia mpaka akatapika. Ukimwita jina hageuki. Lakini mteja akigonga meza kwa vidole, kama wanavyogonga wote wanapotaka kuhudumiwa, Benita alianza: maneno ya mteja wa jana, ya juzi, kikohozi cha mmoja, kicheko cha mwingine.

Wateja walicheka. Walimwita Radio ya Omer, wakamuuliza Omer anamwekea mawe mangapi. Shuleni mkurugenzi, Papa Damien, hakucheka sana. Alisema mtoto anaweza kurudia somo la mwezi uliopita pamoja na matusi ya mwalimu, lakini ukimuuliza jina lake anaangalia dirisha.

Siku moja asubuhi mtu wa mlimani, mnene, mwenye sauti kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, aliegemea meza akamwambia mwenzake: "Kesho tutalala ng'ambo ya daraja." Omer alikuwa anapanga biskuti. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikichambua maharagwe. Jioni wakaja wa barabarani. Benita alikuwa juu ya gunia lake la chumvi, na nilimsikia akisema, kwa sauti ile ya mtu aliyeamka sasa hivi: "Kesho tutalala ng'ambo ya daraja." Omer alifungua radio kwa nguvu. Wale watu walilipa sigara zao wakatoka polepole.

Kesho yake risasi zililia ng'ambo ya daraja. Siku chache baadaye wa mlimani waliobaki walikuja kumchukua Omer, mchana, barabara ikiwa imejaa watu. Hakupigana nao. Aliweka kifuniko juu ya ndoo ya mafuta, akamwambia mtoto, kama alivyomwambia kila jioni: "Tunafunga, Benita. Tunafunga." Akatoka katikati yao. Watu wa parokia ndio waliomrudisha, wamemfunika kwa majani ya migomba.

Hakuna aliyesikia neno la Benita jioni ile isipokuwa Omer na mimi, na wale wa barabarani. Lakini Mubi ilihitaji jibu. Wengine walisema Omer aliuza maneno. Wengine walisema nyumba ile ina mtoto anayebeba sauti za watu, na mtoto wa namna hiyo si wa bure. Walianza kununua sabuni kwa jirani. Akina mama waliokuja kukaa nami kwenye kilio walivuta watoto wao nyuma Benita alipopita, na hawakuongea mpaka apite. Niliwaangalia mmoja mmoja nikajiuliza nani anasema lipi akifika kwake.

Lévi, mdogo wake Omer, alikuja kutoka Butembo kushika mambo ya duka. Si mtu mbaya. Alimlilia kaka yake mpaka sauti ikakatika. Lakini baada ya kulia alianza kuuliza, na aliniuliza kila siku kwa mlango mwingine: Omer alikuwa anaongea na nani? Mtoto alikuwa anakaa wapi? Niliona anakoelekea. Kwake yeye mambo yalikuwa mawili tu. Ama kaka yake alikuwa mtu wa kuuza watu, ama mtoto ana kitu ndani yake. La pili lilisafisha jina la Omer, na mama yao mzee aliye Butembo angeweza kulala.

Mke wa Lévi alijua chumba cha maombi ambako watoto kama hao hufungiwa bila chakula mpaka kile kitu kiseme jina lake na kutoka. Lévi alilisema hilo mbele ya wazee waliokuja kwenye kilio, kwa upole, kama mtu anayependekeza dawa. Walikubaliana kwamba siku ya kumaliza kilio, ukoo utakapokutana tena, Benita atapelekwa huko.

Papa Damien ndiye aliyenitafutia njia nyingine. Alikuja kama anayetafuta chaki, akasema kwamba katika mafunzo ya walimu aliwahi kusikia ugonjwa unaoitwa otisme, ambao vitabu vya Kiswahili huuita usonji, na kwamba mama mmoja kutoka Goma, mtaalamu wa akili za watoto, anakuja kituo cha afya cha Mushaki kupima watoto wa shule. "Nisiongope, Mama Benita," alisema, "mimi sijui kama ni huo. Lakini huyo mama njo mwenye anajua kuuliza."

Neno hilo kuuliza sikulipenda. Ni nani anayepanda milima ya Masisi, iliko Mushaki hiyo, katika miaka ile kuuliza watoto maswali? Lakini sikuwa na neno lingine la kuweka mbele ya wazee. Walikubali kungoja, na Lévi akaweka sharti: "Nitaenda naye. Nisikie mwenyewe na masikio yangu."

Njia ya kutoka Mubi hadi Mushaki ina bariere nyingi, vizuizi vya wenye bunduki, na kila bariere ina swali lake. Mnatoka wapi, mnaenda wapi, njiani mmeona nani. Wakishuku wazazi wanamuuliza mtoto, kwa sababu mtoto hajajifunza kupanga. Kwa hiyo kila mzazi wa kule humfundisha mwanawe la kusema, kama anavyomfundisha kufunga viatu. Mimi sikuweza kumfundisha Benita jibu. Nilimfundisha rozari. Nikimtia punje mkononi na kuanza "Salamu Maria, umejaa neema," anaendelea mwenyewe, kwa sauti ya katekista wa Mubi, bila kuangalia mtu, mpaka mwisho, na akimaliza anaanza tena. Kwenye bariere ya kwanza kijana mwenye bunduki alivua kofia. Kwenye ya pili walitupisha haraka, kana kwamba tunabeba maiti.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Dereva wangu, Hakorimana, alikuwa mtu wa Mushaki mwenye mdomo usiopumzika. Baada ya kusikia rozari ikizunguka njia nzima aligeuza kichwa. "Mama, huyu mutoto asiache kusali. Breki ya nyuma imekufa."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu kilio. Kisha nikaona Lévi, kwenye pikipiki ya mbele, amegeuka kutuangalia, nikaacha. Kila tuliposimama kunywa maji alikuwa anauliza watu juu ya yule daktari. Ametumwa na nani? Anaandika nini? Nilijifanya sisikii, lakini nilikuwa nangoja majibu kuliko yeye. Hakuna aliyejua.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Emérita. Alitupokea kwenye chumba cha mwisho cha kituo, chenye dirisha moja linalotazama malisho ya ng'ombe. Hakuvaa koti jeupe. Alivaa kitenge na kandambili, na alikaa chini kwenye mkeka kati ya vikopo, vizibo vya chupa na mdoli asiye na mkono. Nilijiuliza daktari gani anakaa chini. Akaanza kuuliza. Nyumbani mnaishi wangapi, na akina nani? Ni nani huja hapo? Mtoto hurudia maneno ya nani zaidi? Aliyasikia wapi?

Yalikuwa maswali ya bariere. Hata mpangilio ulikuwa uleule. Nikajibu kama nilivyozoea kujibu: sisi ni watu wa duka tu, Mama, wateja wanakuja na kwenda, mtoto ni mpole. Lévi alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono magotini. Emérita alipomsogelea Benita na kumwita, niliona midomo ya mtoto ikianza kucheza, na sikujua ni maneno ya nani yanakuja. Nikamtia rozari mkononi. "Salamu Maria, umejaa neema," nikasema.

Benita alisali. Emérita alisukuma kizibo kikazunguka mbele yake, mtoto akasali. Akampa mdoli, akasali. Aliita jina lake mara nyingi, na katekista wa Mubi akaendelea kumjibu kwa mafumbo ya uchungu ya rozari.

"Munaona, Dokta?" Lévi alisema kutoka kwenye benchi. "Akiambiwa asali, anasali. Iko anasikia. Iko anajua. Mugonjwa hawezi kumaliza rozari. Kuna kitu ndani yake kinachagua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza."

Emérita aliniangalia mimi, kisha akaangalia punje mkononi mwa mtoto. Alisema kwamba kwa hayo aliyoonyeshwa angeweza kuandika kitu kimoja tu, kwamba mtoto ameshtushwa na vita, apumzike. Ameandika hivyo kwa watoto wengi wa huku. "Lakini sijui kama ni kweli," alisema. "Hapa Masisi kila mutoto anaingia humu na namna yake ya kupita bariere. Wazazi wamemufundisha vizuri. Mama, mimi siko bariere."

Nikawaza: hivyo ndivyo angesema mtu wa bariere.

Alituambia turudi asubuhi. Tukalala kwa dada yake Hakorimana, mama mmoja aliyeitwa Mukandayisenga, aliyetupa maziwa na viazi na hakutuuliza hata tunatoka wapi. Watoto wake walikula wakituangalia bila kusema neno, na nilipomuuliza mdogo wao jina lake alimwangalia mama yake kwanza.

Asubuhi tukirudi kituoni, ng'ombe wakitupita barabarani, Lévi alinisogelea. Aliongea kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa. "Shemeji, umesikia? Mushituko wa vita. Lakini wewe unajua, na mimi najua, mutoto alianza hivi kabla vita haijaingia kwetu. Basi haiko mushituko. Yule mama hakukuta ugonjwa. Wazee wataniuliza, nitawaambia hivyo tu. Siwezi kuwadanganya."

Nilimwamini. Ndiyo maana niliogopa. Nikimficha mtoto, ataenda kwenye chumba cha maombi kwa sababu hana ugonjwa. Nikimwonyesha, sauti zitatoka mbele ya Lévi, na kati ya sauti hizo kuna ile ya daraja, na ataenda kwenye chumba cha maombi kwa sababu ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Nilimshika Benita mkono njia nzima. Hapendi kushikwa mkono. Nilishika shati lake.

Mlangoni nilimwambia Emérita nataka kuongea naye peke yangu. Lévi alisema yeye ni ukoo, ana haki ya kusikia. Emérita akasema, kama mtu anayetaja saa ya kufungua, kwamba ndivyo anavyofanya na wote, ndugu husikilizwa mmoja mmoja na zamu yake itafika. Lévi akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha kabisa.

"Funga dirisha," nikamwambia Emérita.

Chumba kingekuwa na giza na yeye alikuwa na kazi ya kuangalia. Alifunga. Akawasha tochi ya simu yake akaiweka juu ya kikopo, akaiweka kalamu juu ya rafu na kurudi kukaa mkekani mikono mitupu. Huenda ilikuwa hila. Lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo hata hila ilikuwa bora kuliko benchi la nje.

Nilimtoa Benita rozari mkononi. Nikagonga kwa vidole meza iliyokuwa ukutani, kama mteja.

"Sabuni mbili," alisema Benita. "Mawe ya radio iko? Hapana ile. Ile ya nyekundu. Eh, Omer, bei inapanda kama moshi." Akakohoa kikohozi cha dereva wa lori. Akacheka kicheko cha mama wa mhogo. Duka letu lote lilikuja likakaa kwenye mkeka ule, na walio hai na waliokufa, na mimi nilisimama na kidole mezani.

Emérita hakucheka na hakuogopa. Aliacha mpaka mtoto anyamaze, kisha akaanza kazi. Alikwaruza kikopo nyuma ya kisogo chake kujua kama anasikia. Alificha kizibo chini ya kitambaa. Alijifanya ameumia kidole akalia, akaangalia kama Benita atamwangalia. Benita aliangalia tochi. Emérita aliniuliza juu ya mwaka wa kwanza, na wa pili, alianza kutembea lini, alionyesha vitu kwa kidole ama hapana, na safari hii nilijibu yote. Kuna vitu nilivyosema siku ile ambavyo hata Omer sikuwahi kumwambia, kwa mfano kwamba mtoto alipokuwa mdogo nilikuwa nasimama mbele yake na kuondoka, nione kama atanitafuta.

Katikati ya hayo Benita alisimama pembeni ya daktari, uso ukutani, akasema kwa sauti yangu: "Benita, unataka maji?" Emérita alichukua kikombe akampa, bila hata kunigeukia.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema: "Maneno yake haiko matupu, Mama. Kila neno anakumbuka lilikuja pamoja na kitu gani. Akitaka kile kitu, anarudisha lile neno. Njo lugha yake hiyo."

Kisha, kunionyesha, alitoa kwenye mfuko wake bonbon ya mint, peremende ile ya karatasi ya kijani inayouzwa kila duka kutoka Mubi hadi Goma. Aliinua juu mbele ya uso wa mtoto akangoja.

Benita aliiangalia. Akasema, kwa sauti ya mtu mnene aliyeamka sasa hivi: "Kesho tutalala ng'ambo ya daraja."

Nilikaa chini. Emérita alishusha sauti. "Hayo aliyasikia wapi? Aliyesema alikuwa anafanya nini?"

Sikuhitaji kutafuta. Nilikuwa nyuma ya pazia siku ile na pazia letu lina tundu. Yule mtu wa mlimani alikuwa ametia mkono kwenye chupa ya bonbon iliyo juu ya meza, na wakati anamwambia mwenzake yale maneno alikuwa anampa mtoto moja, kama watu wanavyompa paka kitu bila kumwangalia. Na jioni mmoja wa wale wa barabarani alitia mkono kwenye chupa ileile. Niliuona ule mkono. Niliona karatasi ya kijani kati ya vidole vyake. Mtoto wangu aliona bonbon akaiomba kwa neno pekee alilokuwa nalo la kuombea bonbon.

Hakumpa, yule mtu. Alilipa sigara akatoka.

Sijui nililia muda gani. Emérita alifungua karatasi akampa Benita bonbon yake, kwa sababu alikuwa ameiomba. Kisha aliniambia, polepole, kwamba hiyo ni otisme, kwamba mtoto alizaliwa nayo, kwamba haikuletwa na vita wala na mtu wala na pepo, na haina dawa ya kumeza. Alisema siku mbili hazitoshi, masikio yapimwe vizuri Goma barabara ikipitika, lakini kwa yale aliyoyaona hana shaka. Na alinifundisha jambo moja. Benita anashika neno linalokuja pamoja na kitu. Basi niwahi mimi kumpa neno zuri kabla wateja hawajampa la kwao. Kila nikimpa bonbon, niseme mahali pake: "Naomba bonbon." Kila siku, bila kuchoka, mpaka neno jipya lifunike la zamani.

Aliandika karatasi ndogo kwa ajili ya Papa Damien. Niliisoma yote kabla ya kuikunja, na nyuma yake pia. Daraja halikuwemo.

Nje, Lévi hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama, bega lake karibu na ubao wa dirisha. Nilimwambia: ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, una jina, daktari amethibitisha. Akaingia kwa zamu yake, akakaa ndani muda mfupi, akatoka na uso uleule. Hakuniuliza kitu. Mtu aliyeuliza kila siku tangu kilio, siku ile hakuuliza kitu, na hilo lilinitia hofu kuliko maswali yake yote.

Tulirudi. Karibu na Nyabiondo mnyororo wa Hakorimana ulikatika, naye na dereva mwenzake wakashusha pikipiki hadi kwenye kijito. Pale juu kulikuwa na kibanda cha mama anayeuza ndizi na vitu vidogo. Nilimwona Lévi akinunua kitu, akarudi kwetu taratibu, mkono umefungwa. Alichuchumaa mbele ya Benita. Akafungua mkono, akainua bonbon ya kijani kati ya vidole viwili. Kumbe ubao wa dirisha haukuzuia kitu.

Nilitaka kuwahi na neno langu. Mtoto aliniwahi.

"Kesho tutalala ng'ambo ya daraja," alisema Benita.

Lévi aliganda na mkono juu. Alikuwa amepata alichokitafuta. Angeweza kukipeleka Butembo na kukiweka miguuni mwa mama yake: Omer hakuuza mtu, ni huyu. Niliangalia kijito, nikapima kama naweza kumbeba mtoto na kukimbia, na kukimbilia wapi.

"Njo hivi tu?" aliniuliza. "Bonbon?"

"Njo hivi tu."

"Na kaka, alijua?"

Nikamwambia ukweli: Omer alifungua radio kwa nguvu, akadhani hawakusikia. Na walipomjia hakuwaambia kwamba ni mtoto. Alisema tu kwamba anafunga duka.

Benita alikuwa bado anangoja, macho kwenye karatasi ya kijani. Lévi aliifungua kwa meno. Akampa. Akainuka akaenda kusimama peke yake kwenye ukingo wa shamba la maharagwe la mtu, mpaka Hakorimana alipopanda kutoka kijitoni akipiga kelele kwamba mnyororo umepona na kwamba sasa atasali yeye mwenyewe.

Siku ya kumaliza kilio ukoo ulijaa uani kwetu. Lévi alisimama kabla hajaulizwa. Alisema daktari amepima, ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, kama wa mtu aliyezaliwa na mguu mfupi, na hakuna pepo la kufunga kwa njaa. Mtoto atabaki na mama yake. Kisha akasema: "Na kaka yangu hakuuza neno la mutu. Nimeuliza, nimejibiwa."

Shangazi yao Adelaïde, ambaye hapendi kitu kipite bila kukishika, alimuuliza amejibiwa na nani.

"Na mwenye alikuwa dukani siku ile," alisema Lévi.

Watu wote waligeuka kuniangalia mimi. Hakuna aliyemwangalia Benita, aliyekuwa chini ya meza akipanga mawe ya radio. Lévi alikaa. Mpaka leo sijui kama alichagua maneno yale ili kumficha mtoto, ama ili kunitwisha mimi. Sijamuuliza. Akipita na lori lake humletea Benita bonbon na kungoja neno sahihi kabla ya kumpa, na mimi, ninapopanga biskuti, naangalia mkono wake.

Tangu siku ile Mubi inanishuku mimi. Mteja akiona nimesogea karibu, anapunguza sauti. Wanasema mjane yule anajua mengi. Na iwe hivyo. Duka linauza kidogo, lakini linauza, na Papa Damien amempa Benita nafasi ya mbele karibu na dirisha. "Naomba bonbon" ilichukua majira mawili ya maharagwe kushika. Sasa anaisema kwa sauti yangu, bila kukosea, na chupa nimeihamishia rafu ya juu hata hivyo.

Kuna neno moja ambalo sikuligusa. Akichoka, au mtu asiyemjua akikaa sana mezani, Benita hushuka kwenye gunia lake, anasimama karibu na ndoo ya mafuta na kusema kwa sauti ya baba yake: "Tunafunga, Benita. Tunafunga." Hilo sijamfundisha lingine mahali pake. Nasikia, nawaomba wateja radhi, hata jua likiwa bado juu, nafunga.